Kura ni deni la miaka mitano: namna ya kumchagua mwanasiasa usiyemwamini

Mwenye duka dogo katika komini ya Katuba, mojawapo ya wilaya za mji wetu, anapoombwa kilo tano za unga kwa deni, hapotezi muda kupima moyo wa anayeomba. Anavuta daftari lake lenye madoa ya mafuta ya mawese, anatafuta jina, anaangalia kama deni la mwezi uliopita lilikatwa lote au nusu tu, kisha anauliza: unakaa avenyi (barabara) gani, nani anakujua hapa, utalipa lini? Akijibiwa kwa tarehe anapima unga; akijibiwa kwa maneno matamu yasiyo na tarehe, anafunga mfuko. Hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tunasikia kila siku kwamba wanasiasa wote ni waongo, kwa hiyo afadhali mtu abaki nyumbani, au amchague yule aliyempa angalau fulana. Mimi naona tumesumbuka mno na swali la nani wa kuaminiwa, wakati swali la mwenye duka lina jibu linalopatikana: nani anaweza kudaiwa, na kwa njia gani.

Kabla ya kuwapima watu, tambua kila mmoja atakuwa na deni gani kwako, kwa sababu mgombea hupenda kuahidi kazi isiyo yake. Tarehe 20 Desemba 2023 mchaguzi wa mji huu alipiga kura nne: ya rais, ya mbunge wa taifa, ya mbunge wa jimbo na ya mshauri wa komini. Rais huchaguliwa kwa duru moja tu tangu katiba ilipobadilishwa mwaka 2011, yaani anayewapita wenzake anashinda hata kama hakufikia nusu ya kura. Anayesema atampa mtu wa moyo wake kura ya kwanza, kisha apige hesabu katika duru ya pili, anasubiri duru ambayo haipo. Mbunge wa taifa, mmoja kati ya 500, kazi yake ni kupitisha sheria na bajeti na kuwahoji mawaziri. Hana fungu la kutia lami avenyi yenu, na akiahidi lami, ama hajui kazi anayoiomba ama anajua kwamba wewe hujui.

Kura ambayo wengi wetu tunaipiga kwa haraka, tukiwa tumechoka na mstari, ni ile ya mbunge wa jimbo, nayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kufikiriwa zaidi. Wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua gavana na maseneta, si sisi. Watu wachache wanaochagua kwa niaba ya mamilioni ni rahisi kununuliwa: mwezi Machi 2019 kuingia kazini kwa maseneta wapya kulisimamishwa kwa muda, kwa sababu ya tuhuma za rushwa katika mabunge ya majimbo. Kwa hiyo anapokuja kwako mgombea wa bunge la jimbo letu la Haut-Katanga, muulize waziwazi gavana wa namna gani atampigia kura, na kwa nini.

Muulize pia habari ya fedha za madini. Chini ya sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, mrabaha, yaani malipo ya makampuni kwa madini wanayochimba, hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au uchifu ambamo machimbo yapo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mtu anayeomba kukaa katika bunge la jimbo linaloishi kwa shaba na kobalti, akiulizwa hiyo 25 huingia wapi na hukaguliwa na nani, akaanza kuimba sifa za chama, amekujibu tayari. Simaanishi kwamba lazima ajue hesabu kwa kichwa. Yule anayesema "sijui, nitauliza, nirudi Jumamosi", kisha Jumamosi akarudi kweli, ningemwandika juu kuliko wasemaji wote wa mkutano wa hadhara.

Baada ya hapo fungua daftari, yaani uangalie alivyolipa madeni ya zamani. Kama amekwisha kuwa mbunge, kuna kipimo chepesi sana. Vikao vya kawaida vya bunge la taifa huanza tarehe 15 Machi na 15 Septemba, na kila kimoja hudumu miezi mitatu. Hivyo kati ya katikati ya Juni na katikati ya Septemba mbunge yuko likizo ya bunge, na hicho ndicho kipindi cha kurudi kwa wachaguzi, kuwasikiliza na kuwaeleza alichofanya. Waulize mama wauzaji wa soko la Kenya, wazee wa kartiye (mtaa) na walimu: katika miaka yake mitano, miezi ya kiangazi alionekana wapi? Kama watu wanamkumbuka katika kampeni tu, hilo liandikwe. Angalia pia alipokaa wakati upepo ulipogeuka. Ibara ya 110 ya katiba inasema mbunge anayekiacha chama chake kwa makusudi anahesabiwa kuwa amekiacha kiti, lakini muungano uliotawala, wa Rais Tshisekedi na mtangulizi wake Kabila, ulipovunjika mwishoni mwa mwaka 2020, wingi wa bunge ulihama kutoka upande mmoja hadi mwingine katika wiki chache bila sisi kuulizwa. Kuhama si dhambi kila mara. Ila aliyehama atueleze sababu, na sababu hiyo iwe inatuhusu sisi, isiwe inahusu cheo chake.

Nami nimewahi kukopesha bila daftari. Mwaka 2018, tulipokuwa katika kilio cha baba mdogo, mgombea mmoja alifika na mifuko ya unga, akalipia jeneza, akakaa nasi chini kwenye mkeka hadi usiku. Siku ya kura niliingia nikiwa nimeandika namba yake kiganjani kwa kalamu ya wino. Nikagusa picha yake kwenye kioo cha mashine, karatasi ikatoka, nikaikunja, nikaitia sandukuni, nikaona nimelipa shukrani. Miezi michache baadaye alipata cheo kingine, na kitini pake akakaa mdogo wake, ambaye sikuwahi kumwona hata siku moja.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kampeni hazilitangazi. Kila mgombea ubunge hujiandikisha pamoja na watu wawili wa akiba, wanaoitwa supleani, na mbunge akiteuliwa kuwa waziri, kiti hukaliwa na mmoja wao. Uliza majina hayo mapema. Ukikuta ni mke, mtoto au mdogo wa mgombea, ujue kwamba unakopesha nyumba nzima, na mlipaji anaweza kubadilika bila wewe kuambiwa.

Kuna jingine la hesabu. Katika mji wenye viti vingi kama wetu, kura yako huhesabiwa kwanza kwa orodha ya chama au muungano, kisha kwa mtu. Katika uchaguzi wa 2023, orodha iliyokosa asilimia 1 ya kura za nchi nzima kwa kawaida haikushiriki mgawo wa viti vya bunge la taifa. Jirani yako mwaminifu aliye katika chama kidogo anaweza kupendwa na kartiye nzima na bado asiingie; na aliye katika orodha kubwa anaweza kuwasaidia kwa kura zake wenzake ambao wewe usingewapa hata kibiriti. Kwa hiyo soma orodha yote, usiangalie picha moja.

Kuhusu fulana, vitenge na unga, kila mtu na dhamiri yake. Mimi sasa sipokei, lakini simhukumu mama mwenye watoto watano anayepokea. Kura ni ya siri, na zawadi haiweki sahihi mahali popote. Kuhusu "mtoto wa kwetu" ningekuwa mkali zaidi. Mji huu unajua gharama ya neno hilo: mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, eneo la jirani, walifukuzwa Katanga, wengine wakalala siku nyingi kwenye vituo vya gari la moshi wakisubiri behewa. Undugu unaweza kukusaidia kujua mlango wa kumbishia mtu. Deni lenyewe hulipwa kwa kazi.

Haya yote ni mazito kwa mtu mmoja, na hayahitaji kufanywa na mtu mmoja. Wanachama wa likelemba, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, wanaokutana kila mwezi wanaweza kugawana: huyu aulize habari za supleani, yule asikilize redio, mwingine amwalike mgombea aje kujibu maswali matatu mbele ya wote, majibu yakiandikwa kwa tarehe na yakisomwa kwake kabla hajaondoka. Ukikuta hakuna anayefaa, chagua atakayekuwa rahisi kumpata na kumuuliza, maana ukikaa nyumbani unawaachia kura yako walionunuliwa.

Siku yenyewe, vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Anayeweza abaki hadi matokeo ya kituo yabandikwe ukutani, ayapige picha, kwa kuwa wizi upo: mwezi Januari 2024 CENI, tume ya uchaguzi yenyewe, ilifuta kura za wagombea 82 kwa sababu ya udanganyifu na makosa mengine. Picha hiyo ikae pamoja na karatasi ya majibu matatu. Likizo ya kwanza ya bunge, katikati ya Juni, karatasi hiyo ipelekwe kwa mheshimiwa na watu wasiopungua watano, akiwa nyumbani kwake, aulizwe swali la kwanza.