SOMO: Pima hatari ya miguu na midomo kwenye zizi lako kabla haijaingia

Kila siku naulizwa "dawa ya miguu na midomo ni ipi?" Najibu hapa mara moja. Tanzania na Kenya ugonjwa huu upo siku zote, kwa hiyo kagua utaingilia wapi kwako.

1. Jua dalili: udenda, kuchechemea, malengelenge kwenye ulimi, fizi, chuchu na kati ya kwato, maziwa kukatika ghafla.

2. Hesabu milango ya hatari. Malisho ya pamoja, lambo moja, dume la kuazima, ng'ombe wa mnadani, kuhamahama wakati wa ukame. Wanaoishi kando ya hifadhi hulaumu nyati. Ni kweli nyati hubeba aina za kirusi ziitwazo SAT (zilizopewa jina la maeneo ya kusini mwa Afrika) kwa miaka, ila kaskazini mwa Tanzania milipuko mingi huenezwa na ng'ombe kwa ng'ombe.

3. Mgeni mtenge siku 21. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Dalili hutokea siku 2 hadi 14 baada ya kuambukizwa, na mnyama anaweza kuanza kutoa kirusi kabla hujaona lengelenge hata moja. Dume limetoka mnadani, linakula, pua mbichi, unalichanganya na wenzake. Wiki inayofuata zizi zima linadondosha udenda. Kulifunga kamba kwenye kona ya zizi lilelile si kutenga. Liwe na banda lake, ndoo yake, na lihudumiwe la mwisho.
ONYO: kirusi husafiri kwa buti, matairi, maziwa na mikono. Aliyetoka kukagua midomo ya ng'ombe wagonjwa asiguse wako.

4. Chanja. Chanjo ikae nyuzi 2 hadi 8, isigande.

5. Ukiona dalili, mwite afisa mifugo. Usiuze, usipeleke josho.

MASWALI

— Mkuu, nipe jina la dawa tu, mengine sina muda.
— Dawa ya kuua kirusi hiki haipo. Hatua ya 5.

— Nilichanja, miezi mitatu baadaye wakaugua. Chanjo feki?
— Si lazima, mama. Kirusi kina aina 7, na kwetu zinazozunguka zaidi ni O, A, SAT 1 na SAT 2. Kinga ya aina moja haizuii nyingine. Tena waliochanjwa mara ya kwanza huhitaji dozi ya pili baada ya wiki kama 4, kisha kurudia kila miezi 6 hivi. Mwombe daktari achukue ngozi ya lengelenge jipya, maabara itaje aina.

— Wamepima damu, ng'ombe wangu wengi wana kingamwili, mbona wazima?
— Umeuliza vizuri. Kingamwili hubaki baada ya kupona, na chanjo pia huileta. Ndiyo maana wakubwa huwa nayo kuliko mitamba: wameishi misimu mingi zaidi. Kipimo cha NSP (hutafuta kingamwili dhidi ya protini ambazo kirusi hutengeneza kikizaliana mwilini) husaidia kutofautisha aliyeambukizwa na aliyechanjwa tu.

— Wangu alinunuliwa kwa mtu ninayemwamini, naye nimtenge?
— Ndiyo. Kirusi hakijui urafiki wenu.

— Banda naoshea nini?
— Toa samadi kwanza, kisha sodiamu kaboneti, gramu 40 kwa lita 1 ya maji. Kirusi hiki hakivumilii alkali kali wala asidi. Na ndama wagonjwa msiwakimbize: kirusi hushambulia moyo wao, huanguka na kufa hata kabla ya vidonda kutokea.