Mnaotaka kwenda kwa Waamishi Lancaster winta hii, yapangeni haya kabla hamjawasha gari

Kila ikifika Desemba naulizwa swali lile lile na Watanzania wenzangu wa huku Maryland na Virginia, eti kaka ile safari ya kwa Waamishi (wale Wakristo wanaoishi kizamani, wanaotembea kwa vigari vya farasi badala ya magari) mliifanyaje, na sisi tunataka kuwapeleka watoto siku mbili za sikukuu. Haya, naandika yote hapa. Naongelea Lancaster, Pennsylvania, maana ndo ninakokujua, Waamishi wapo wengi tu Ohio na Indiana pia ila huko sijakanyaga. Kutoka Baltimore ni kama saa moja na nusu, unapanda I-83 mpaka York halafu unakata mashariki na barabara ya 30, unavuka mto Susquehanna, umefika.

Cha kwanza kabisa ni tarehe, na hapa mimi niliumbuka vibaya. Mara ya kwanza tuliondoka asubuhi ya tarehe 26 Desemba, akili yangu inaniambia Krismasi imeisha jana, watu wamerudi kazini, maduka yako wazi. Kumbe wenzetu wana Krismasi ya pili! Ya 25 kwao ni ya utulivu na ibada, ya 26 ndo ya kutembeleana na kula, kwa hiyo siku zote mbili wamefunga. Tukazunguka kijiji baada ya kijiji tunasoma vibao vya kufungwa, mke wangu kanyamaza kimya ile ya kutisha, mwisho watoto wakala krispi na soda za sheli ndani ya gari, ndo ikawa chakula cha mchana cha Waamishi tulichowaahidi wiki nzima. Kwa hiyo hesabuni hivi: Jumapili hakuna kitu, usijidanganye kwamba utapata hata mmoja mwenye tamaa ya hela, hayupo. Tarehe 25 na 26 hakuna. Na baadhi yao, hasa wa Ohio, wanaadhimisha pia tarehe 6 Januari, wanaiita Krismasi ya zamani, hapo napo wanafunga. Mkitaka soko la ndani ya Lancaster mjini, lile Central Market, jengo lake ni la 1889, linafunguliwa Jumanne, Ijumaa na Jumamosi tu, na nendeni asubuhi maana ikifika alasiri watu washafunga meza. Mimi sasa naenda Ijumaa na Jumamosi ya kabla ya Krismasi, nalala usiku mmoja, basi.

Na msitegemee mataa na miti ya Krismasi kwenye nyumba za Waamishi, hawapambi hivyo. Nyumba ni nyeupe, nguo zimeanikwa kwenye kamba hata kama kuna baridi ya kugandisha, suruali nyeusi zimesimama wima kama mbao. Wanangu walicheka pale mpaka basi.

Sasa la pili ndo kubwa, ni giza na vigari vya farasi. Mwishoni mwa Desemba jua la kule linazama saa kumi na dakika arobaini na kitu jioni, yaani ukichelewa kula tu siku imeisha. Na vile vigari vya Lancaster vina boksi la rangi ya kijivu, mbingu ya winta ni kijivu, barabara yenye chumvi ni kijivu, haya niambie utakiona saa ngapi. Fanya hesabu ndogo: wewe unakwenda maili 55 kwa saa, ni kama kilomita 88, farasi anakwenda maili nane. Ukikiona kikiwa mita 100 mbele yako una chini ya sekunde tano mpaka umekigonga, na kwenye sekunde tano hizo toa muda wa kushtuka, toa muda wa breki kwenye barabara yenye unyevu, hamna kitu kinachobaki. Vilima vya kule vinadanganya pia, barabara inapanda inashuka, kitu kiko nyuma ya kilima hukioni mpaka umefika juu.

Mimi ilinitokea barabara ya 340, katikati ya Bird-in-Hand na kile kijiji kinachoitwa Intercourse (ndiyo, ndo jina lake, kwa Kiingereza linamaanisha pia tendo la ndoa, na kila mtu anapiga picha kibao, endeleeni tu). Nilikuwa sio mbio ila nilikuwa naongea, napanda kilima, mara mwanangu wa kiume akasema "baba, farasi," na mbele yangu ikatokea ile pembetatu ya rangi ya chungwa ya kuonya kwamba chombo kinakwenda polepole na taa mbili nyekundu za betri. Nikakanyaga breki gari ikatetemeka, ikasimama. Nyuma ya kile kigari kuna kidirisha kidogo, na kwenye kidirisha kulikuwa na katoto ka kike kamevaa kofia nyeusi, kanatuangalia tu, hakajashtuka wala nini, na mvuke wa farasi unapita pembeni. Nilikaa nyuma yao dakika saba nzima bila kuthubutu kuovateki.

Kwa hiyo taa za mbele ziwe zinawaka muda wote, hata mchana, na Pennsylvania ukiwasha waipa sheria inataka taa ziwake. Ukiwa nyuma ya farasi usipige honi na usimwashie fulu, farasi akishtuka anaweza kurukia upande wako. Kwenye makutano acha nafasi ya kutosha maana kigari kinaweza kurudi nyuma kidogo kabla farasi hajashika mwendo. Kuovateki ni sehemu tambarare unayoona mbali, unampisha kwa upana kama unavyopisha gari, halafu usirudi haraka mbele ya pua ya farasi. Angalieni pia watu kwenye zile skuta za kusukuma kwa mguu, kule badala ya baiskeli wanatumia hizo, watoto na watu wazima. Na simu mkononi wakati unaendesha acha kabisa, tangu Juni 2025 Pennsylvania imekataza, mpe aliyekaa pembeni akusomee ramani.

Gari lenyewe sasa. Baridi inashusha upepo wa tairi, kama psi moja kwa kila nyuzi kumi za Fahrenheit zinazoshuka, kwa hiyo pima asubuhi kabla gari halijapata moto, sio baada ya kuendesha. Betri ya zaidi ya miaka minne kaipimishe, maduka mengi ya spea huku wanapima bure. Maji ya waipa yawe yale ya winta yasiyoganda, ya kawaida yataganda kwenye kioo ukiwa haiwei na utaendesha kama kipofu. Mafuta yasishuke nusu tenki. Kwenye buti weka kikwangulio cha barafu, koleo dogo, blanketi, tochi, maji, na mfuko wa mchanga wa choo cha paka, ukikwama unaumwaga chini ya tairi zinazozunguka bure. Theluji ya juu ya paa iondoe yote kabla ya kutoka, usifanye ile ya kukwangua tundu la kuchungulia tu kwenye kioo, tangu 2022 sheria ya Pennsylvania inakulazimisha kusafisha gari theluji na barafu, na kipande kikiruka kikamuumiza mtu nyuma yako faini inapanda sana. Madaraja yanaganda kabla ya barabara, kumbuka hilo mnapovuka Susquehanna asubuhi. Yale madaraja ya mbao yenye paa ni mazuri kwa picha, kaunti ile yapo zaidi ya ishirini, ila yanapitisha gari moja kwa zamu na yana kimo chake, someni kibao, hasa mliokodi van.

Hela. Bebeni keshi, na bebeni chenji, noti za dola moja moja na tano tano. Maduka makubwa ya watalii yanachukua kadi bila shida ila vibanda vya mashambani vingi havina hata mtu, kuna mayai, kuna jemu, kuna boksi lenye tundu, bei imeandikwa kwa mkono, unaweka hela unachukua mzigo. Ukiwa na noti ya ishirini tu hapo utaamua mwenyewe kama mayai dazeni moja ni dola ishirini.

Chakula, kwa ndugu zangu Waislamu hasa: ulizeni mafuta yaliyotumika, maganda ya pai mengi ya kule yanakandwa na mafuta ya nguruwe, na kile wanachokiita scrapple ni mabaki ya nguruwe yaliyopikwa na unga. Shoofly pie ni ya molasi, tamu mpaka meno yanauma, kipande kimoja gaweni watu wawili. Chicken pot pie ya kule sio pai, ni supu nzito ya kuku yenye vipande bapa vya unga, na kwa baridi ile ndo chakula cha kuagiza.

Picha za sura msipige. Wao hilo wanalichukulia kwa Biblia, sanamu ya kuchonga, na hata bila Biblia wewe mtu akija Musoma akuvizie na kamera ukichota maji utajisikiaje. Piga mashamba, piga ghala, piga farasi akiwa peke yake. Na msiende kuulizia Nickel Mines. Oktoba 2006 mtu mwenye bunduki aliingia shule ya Waamishi ya pale akaua wasichana watano, wenyewe walilibomoa lile jengo, hakuna cha kutazama na hakuna anayetaka kuhojiwa.

Wao wakiongea Kijerumani chao, kila asiye Mwamishi wanamwita "English". Yaani mimi Mjita mzima nimekuwa Mwingereza. Ila wa kutoka Mara mnalo la kuongea, maana Waamishi walijitenga na Wamenno (Mennonite, Wakristo wenye asili moja nao) tangu 1693 chini ya Jakob Ammann, na wamisionari wa Mennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitokea hukohuko Lancaster. Sokoni mzee mmoja Mmenno, huyo anaendesha gari kama mimi na wewe, kusikia Tanzania tu akasema "Shirati!" na jibini tukaongezewa.

Mavazi: viatu visivyopitisha maji, mashambani ni tope na samadi, na soksi za akiba za watoto. Kama mmelipia kupanda kigari, blanketi wanatoa lakini upepo unaingia, vaeni mbili mbili.

Halafu mayai mkinunua msiyalaze kwenye buti. Sisi tuliyaacha usiku mzima kwenye paking ya hoteli, asubuhi kufungua trei yote imepasuka, ute umeganda umetokeza kwenye nyufa, na mke wangu akaikumbuka ile tarehe 26 upya.