Namna ya Kufuatilia Maisha ya Mtupa Tufe wa Enzi za Malkia Victoria

Anayetaka kuandika maisha ya mtupa tufe wa enzi hizo aanze na neno "ridhaa", yaani kushiriki mchezo bila malipo ("amateur" kwa Kiingereza), kabla hata hajagusa matokeo. Kanuni za awali za klabu ya Amateur Athletic Club ya London, iliyoundwa mwaka 1866, ziliwafungia mlango mafundi na vibarua, hata wale ambao hawakuwahi kulipwa senti kwa ajili ya mchezo. Kizuizi hicho kilikuja kuondolewa na chama cha riadha cha Amateur Athletic Association, iliyoanzishwa Oxford mwaka 1880. Kwa hiyo bingwa wa miaka ya 1870 mtafute kwanza katika kumbukumbu za vyuo vikuu; wa miaka ya 1890 huenda alitoka shambani.

Tumchukue Denis Horgan, aliyezaliwa mwaka 1871 katika Kaunti ya Cork, Ireland, akatwaa ubingwa wa chama hicho mara 13, saba kati ya hizo mfululizo, kuanzia 1893 hadi 1899. Sensa haitakusaidia kuuona utoto wake, kwa kuwa fomu za Ireland za 1881 na 1891 ziliharibiwa, na ya kwanza iliyosalia nzima ni ya 1901. Geukia rejista za vizazi, ambazo kwa Wakatoliki wa Ireland zilianza mwaka 1864, pamoja na vitabu vya ubatizo vya parokia, ambavyo Maktaba ya Taifa ya Ireland imeviweka mtandaoni bila malipo. Linganisha jina la baba na la kijiji, kwa sababu Cork imejaa akina Horgan. Hapa ndipo waandishi wengi humpachika mtu wao cheti cha kuzaliwa cha jirani.

Magazeti yatakupa umbali kwa futi na inchi. Horgan alipopata medali ya fedha katika Olimpiki ya London mwaka 1908, alitupa futi 44 na inchi 8¼: zidisha 44 kwa sentimita 30.48, ongeza 8¼ mara 2.54, utapata mita 13.62. Kabla ya kulinganisha, hata hivyo, soma uzito uliotupwa. Tufe la ubingwa lilikuwa la ratili 16, yaani kilo 7.26, lakini kwenye michezo ya Ireland palitupwa pia vyuma vya ratili 28 na 56, na mwandishi wa gazeti aliyekuwa na haraka aliweza kuviita vyote "uzito" tu.