Kabla ya kuwekewa fistula, uliza pia kuhusu vidole

Wagonjwa wengi wa figo wanaosubiri fistula, yaani kuunganishwa mishipa ya mkono ili mashine ya kusafisha damu ipate njia, huuliza itaanza kutumika lini. Ni swali la haki, maana kukomaa kwake mara nyingi huchukua wiki 6 au zaidi. Mimi ningeomba waongeze jingine: vidole vitabaki na damu ya kutosha?

Daktari huunganisha ateri ya mkono (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni) na vena (mshipa unaoirudisha) moja kwa moja. Vena hutanuka, ukuta wake ukawa mgumu, ikaweza kuhimili sindano za mashine. Ila damu hufuata njia nyepesi, kwa hiyo sehemu ya damu iliyokuwa ishuke vidoleni hurudi moyoni mapema. Wengi mwili wao hufidia. Wenye kisukari cha muda mrefu, wavutaji sigara na wanaowekewa fistula kwenye kiwiko badala ya kifundo cha mkono wako katika hatari zaidi, na wasione haya kusema kama vidole huwafa ganzi. Sema pia kama umewahi kuwekewa mpira wa kusafishia damu, ule unaoingizwa kwenye mshipa wa shingoni au chini ya mtulinga. Mpira huo huweza kuacha mshipa mkubwa umebanwa, kisha mkono wenye fistula ukavimba.

Uliza kama utapimwa presha mikono yote miwili na mishipa kwa altrasaundi. Mkono ukishachaguliwa, usitolewe damu wala kuwekewa dripu hapo, hata muuguzi akiwa na haraka.

Siku chache kabla ya upasuaji, shika viganja vyote viwili. Bonyeza kucha mpaka iwe nyeupe, uone wekundu unarudi upesi kiasi gani. Julai hapa Nairobi mikono yote hupoa. Baada ya upasuaji, kinachotia shaka ni mkono wa fistula kuwa baridi peke yake, kupauka, au kuuma zaidi mashine ikizunguka. Liseme siku hiyo hiyo.

Maumivu makali na vidole kulegea saa chache baada ya upasuaji ni dharura, kwani neva zinaumia. Usingoje siku ya kliniki. Kama unaishi Kayole au Rongai, panga mapema nani atakurudisha hospitali usiku, na uwe na nambari ya wodi. Ukiwahi, fistula huweza kupunguzwa upana au damu kuelekezwa upya. Ikibidi, hufungwa ili kiganja kipone.