Kununua karafe ya zamani Lubumbashi: anza na kizibo

Vyombo vya kioo vya enzi ya Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, bado vinatoka makabatini hapa Lubumbashi: karafe (chupa za kioo zenye kizibo za kumiminia divai), bilauri za mguu, bakuli za matunda. Muuzaji hukimbilia kukutajia Val Saint Lambert, kiwanda cha kristali cha Seraing, Ubelgiji, kilichoanzishwa 1826. Mwache aseme. Wewe shika kizibo.

Hatua ya 1: Kizibo
Kichomoe, kirudishe, kizungushe polepole. Kizibo cha asili kilisagwa pamoja na shingo ya karafe yake, kwa hiyo hutulia. Kikicheza, huenda kimetoka kwingine. Halafu tafuta namba ndogo zilizochorwa kwenye shina la kizibo na mdomoni mwa karafe. Mafundi waliziandika ili vipande visichanganyike. Zikitofautiana, mimi hulipa bei ya karafe isiyo na kizibo, hata mama muuzaji anune.

Kimekwama? Usikivute. Dondosha mafuta ya kula kuzunguka shingo, acha yalale humo, kesho yake gongagonga kwa mwiko wa mbao, huku na huku.

Hatua ya 2: Kidole
Michoro iliyokatwa kwa gurudumu ina kingo kali. Iliyotoka kwenye kalibu ni butu, na mara nyingi mshono unaonekana ubavuni. Usitegemee mlio: bilauri ya kristali hulia vizuri, lakini karafe nene ya shingo nyembamba haitalia hivyo hata ikiwa nzima.

Hatua ya 3: Maji
Karafe ikiuzwa na maji ndani, omba yamwagwe, kwa sababu maji huficha ukungu. Ukungu wa chokaa hutoka kwa siki, maji vuguvugu na punje za mchele mkavu, ukitikisa. Ukungu ukirudi kila kioo kikikauka, kioo chenyewe kimeliwa na unyevu. Hapo teremsha bei au ondoka.

Hatua ya 4: Alama
Geuza kitako kwenye mwanga wa pembeni. Baccarat, kiwanda cha kristali cha Ufaransa, kilianza kutia muhuri uliochorwa kwa asidi 1936, kwa hiyo kukosa muhuri si ushahidi wa ughushi. Kioo cha kijani-manjano kikiwaka kijani chini ya taa ya kukagulia dola, kina madini ya urani. Si lazima urani hiyo iwe ya mgodi wetu wa Shinkolobwe: Ulaya ilitengeneza kioo cha aina hii tangu karne ya 19.

Hatua ya 5: Mezani
Kristali ya risasi (metali yenye sumu), kwa kipimo cha Ulaya, ina oksidi ya risasi 24% au zaidi, na divai huinyonya risasi hiyo taratibu. Mimina jioni ile ile, kilichobaki kirudi kwenye chupa. Karafe ikaushwe na ihifadhiwe kizibo kikiwa kando.