Mgongo wa mwani: namna ya kuupimia kazi siku za bamvua

Mie kazi yangu fiziotherapia, huku pwani wananiita mtu wa mazoezi, na wagonjwa wangu wengi ni mama zetu wanaolima mwani Paje na Jambiani, Unguja. Naandika kwa wale ambao mgongo umeshapita miezi 3 unauma na vipimo havioni kitu cha maana. Kama una ganzi sehemu za siri, mkojo unatoka wenyewe, mguu unakosa nguvu au una homa na unakonda, acha kusoma nenda hospitali leo.

Hatua ya 1: tia alama kwenye kalenda siku zote ulizolala kitandani kwa kuumwa mgongo. Utaona zinafuata bamvua. Watu watakwambia bahari ina wenyewe, yaani mashetani, haya, lakini bamvua ndo maji yanakupwa mbali na wewe unainama masaa 3 mfululizo unafunga mbegu za mwani kwenye kamba kabla maji hayajarudi, kisha siku nne kitandani.

Hatua ya 2: siku yenye nafuu, inama ufanye kazi kama kawaida, mwenzio aangalie saa mpaka maumivu yaanze kupanda. Tuseme dakika 20. Toa robo, zibaki 15, hizo ndo zako.

Hatua ya 3: dakika zako zikifika UNANYANYUKA, hata kama huumwi. Hapa ndo wengi wananiangusha, "ngoja nimalizie kamba hii" na kamba hiyohiyo ndo inakulaza. Saa majini hakuna, kwa hiyo hesabu kamba unazofunga ndani ya dakika hizo: mama mmoja hufunga kipande cha kanga kwenye kigingi, akikifikia anasimama, anashika kiuno anajipinda nyuma taratibu mara 5, anatembea kidogo ndo anarudi, shoga zake wacheke wasicheke. Na ukifungia mbegu nyumbani kaa kwenye kiti bwana, siyo umenyoosha miguu chini mkekani.

Hatua ya 4: kila wiki ongeza dakika 1 au 2, siyo 10. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa mbali, usilale, tembea kila siku.

Dawa sasa. Diklofenaki, zile dawa za maumivu za dukani, msizimeze kila siku kama njugu, zinachubua tumbo na kuumiza figo, mwenye presha ndo kabisa. Kuchuliwa na mafuta ya karafuu sina ugomvi nako, raha yake ipo, ila hesabu ya kamba iko palepale.

Maumivu yakipanda tena usiogope kwamba uti wa mgongo umevunjika, neva zilizoumwa muda mrefu hushtuka kwa kitu kidogo. Punguza dakika zako nusu siku mbili tatu, halafu endelea ulipoachia.