Somo: Aina za ultramarathoni, na saa inavyohesabu katika kila moja

Umemaliza 42 ya Kilimanjaro Marathon hapa Moshi na sasa unataka ultra. Chochote kinachozidi km 42.195 ni ultra, kwa hiyo jina peke yake halikuelezi kitu.

Hatua ya 1: soma kanuni, uone kilichofungwa ni umbali au muda. Ukifungwa umbali (km 50, km 100, maili 100), wa kwanza kufika ndiye mshindi, na ukipitwa na muda wa ukomo umetolewa. Comrades ya Afrika Kusini ni karibu km 90 kwa saa 12: kama Moshi hadi Arusha, na kilomita kumi za nyongeza. Ukifungwa muda (saa 6, 12, 24), mnazunguka hadi saa iishe, mwenye km nyingi anashinda. Zipo pia za siku kadhaa, muda wa kila siku unajumlishwa.

Hatua ya 2: elewa bakiyadi (backyard ultra), mbio za mzunguko mmoja kila saa hadi abaki mmoja, maana ndiyo inayodanganya wengi. Mzunguko ni km 6.706, na kila saa kamili kengele inalia, mnaanza upya pamoja. Mizunguko 24 ni maili 100. Kengele ikilia hujasimama mstarini, basi, umetolewa.

Hatua ya 3: ijaribu nyumbani. Pima km 3.353 kwenye barabara tulivu, mtaa wa Shanty Town hapa Moshi kwa mfano, uende na kurudi. Anza saa 12 asubuhi. Mzunguko wa saba, wa saa 6 mchana, unakufikisha km 46.9, hiyo tayari ni ultra. Weka kiti, ndizi, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, na vaselini ya mapajani kabla hayajachubuka.

MASWALI

Kaka, nikimaliza kwa dakika 40 si napumzika 20?
Unapumzika, ndiyo, ila miguu inapoa na kukakamaa, na nguvu umeshazichoma. Lenga dakika 50 hadi 52. Milima tembea.

Mwalimu, maji ninywe kiasi gani?
Fuata kiu. Maji matupu mengi mno hushusha chumvi ya damu: tumbo kujaa, kichefuchefu, kichwa kuuma. Mkimbiaji akianza kuchanganyikiwa, asimame na apelekwe hospitali, msimwongezee maji.

Tukibaki wawili, sote tukashindwa mzunguko uleule?
Hakuna mshindi. Lazima mmoja amalize mzunguko mmoja zaidi ya mwenzake, tena ndani ya saa.